Meseji Iliyotumwa kwa Wingu: Stori ya Mume Asiye na Jina

Umewahi kumtumia mtu meseji huku unajua kabisa haifiki? Simu yake imezimwa, au ameshakublok, na bado unaandika, unafuta, unaandika tena, unatuma. Tiki moja. Inabaki hiyo hiyo tiki moja mpaka kunakucha.

Basi kuna jamaa alifanya hivyo katika shairi lililotungwa miaka kama 1,600 iliyopita, na kilichobeba meseji yake kilikuwa wingu. Sio lile wingu unalohifadhia picha zako simu ikijaa. Wingu lenyewe, jeusi, zito, la mvua. Jamaa hana jina, shairi halimtaji popote. Mkewe naye hana jina. Ni mume, mke, na wingu katikati, basi. Na bado hawa wawili wasio na majina wamesomwa kuanzia Kashmir mpaka Ujerumani, na wametafsiriwa mpaka Kitibeti.

Shairi linaitwa Meghaduta. Ni Kisanskriti: megha ni wingu, duta ni mjumbe. Mtunzi ni Kalidasa, ambaye wasomi wengi wanamweka kwenye karne ya 4 au ya 5, enzi za wafalme wa Gupta huko India ya kaskazini. Kama unaandika mistari, iwe ya taarabu, ya bongo fleva au ya kuweka chini ya picha ya machweo pale Coco Beach, huyu ni babu yako kwenye kazi ya kutazama juu. Ngoja nikusimulie.

Yaksha, kwenye hadithi za Kihindi, ni kiumbe nusu mtu nusu jini, na kazi yake ni kumtumikia Kubera, mungu wa mali. Yaksha wetu huyu alizembea kazini. Alifanya nini hasa? Shairi linasema tu alipuuza wajibu wake, halafu linaendelea na safari zake. Bosi hakutaka maelezo. Akamlaani mwaka mzima: atoke Alaka, mji wa kifahari kule Himalaya karibu na mlima Kailasa, aende mbali, peke yake, bila mke na bila nguvu zake za ajabu. Angekuwa nazo zile nguvu si angeruka tu kurudi nyumbani usiku? Ndo maana zilichukuliwa.

Akaishia Ramagiri, kilima ambacho wengi wanasema ni Ramtek ya leo, karibu na Nagpur katikati ya India. Kutoka hapo hadi Kailasa ni zaidi ya kilomita 1,000 ukienda moja kwa moja kama ndege. Miezi ikapita. Jamaa akakonda mpaka bangili ya dhahabu ikachomoka yenyewe mkononi. Halafu siku ya kwanza ya mwezi wa Ashadha, unaoangukia kati ya Juni na Julai, akainua macho akaona wingu limeinamia mlima, kama tembo anayecheza kwa kusukuma ukingo wa udongo na kichwa.

Akasimama mbele yake, machozi ameyabana. Akachuma maua mabichi ya mlimani, akalikaribisha lile wingu kama anavyokaribishwa mgeni wa heshima, akaanza kuongea nalo. Anaongea beti zaidi ya 100. Wingu halijibu hata neno moja.

Sasa kabla hujamcheka, subiri. Kalidasa mwenyewe alijua utamcheka. Mapema kabisa, ubeti wa 5, anasimamisha hadithi na kukuambia wingu ni kitu gani: ni mchanganyiko wa moshi, mwanga, maji na upepo. Basi. Halina masikio, halina mdomo, halina miguu. Ujumbe unabebwa na kiumbe chenye akili timamu, sio na mvuke. Anayajua yote hayo, halafu anasema kwamba mtu aliyezidiwa na mapenzi hana tena uwezo wa kutofautisha chenye uhai na kisicho nacho, na hadithi inaendelea.

Nimeurudia ubeti huo mara nyingi kuliko wote. Siku hizi ukimwambia mtu unatunga mashairi kwa kutazama mawingu, anakuona umekaa kiotaotao, kichwa hewani, huna unalojua. Kumbe mkubwa wao wote alianza na orodha ya viungo, kama mpishi. Hakujifanya wingu ni malaika. Alikwambia ni moshi na maji, kisha akakufanya ulilie moshi na maji.

Na alikuwa anatazama kwelikweli. Yaksha analipa wingu maelekezo ya njia, mji kwa mji, mto kwa mto, kama dada anayekuelekeza kwao kwa simu: ukifika pale kata kulia, usishuke kituo cha kwanza. Lakini ndani ya maelekezo hayo kuna mtu aliyekaa miaka akiangalia anga la mvua linavyofanya kazi. Analiambia wingu: ukishamwaga mvua utakuwa mwepesi, upepo utakuchezea, kwa hiyo shuka unywe maji ya mto Reva (ndo Narmada ya leo) upate uzito. Ukichoka, pumzika juu ya mlima. Yangeyange watakusindikiza wamejipanga mstari hewani. Batamaji wakisikia ngurumo yako watafunga safari kwenda ziwa Manasa kule juu milimani, wamebeba vichipukizi vya yungiyungi mdomoni kama chakula cha njiani. Ardhi iliyotoka kulimwa itanukia ukiidondoshea matone ya kwanza.

Ile harufu ya udongo wa kwanza kulowa unaijua. Hata ukiwa Tandale au Kariakoo, kwenye vumbi na moshi wa bodaboda, mvua ya kwanza ikianguka unaisikia puani kabla hujaiona.

Hilo la kunywa mitoni mimi ndo lilinimaliza. Wingu dogo jeupe la mchana, lile linaloonekana kama pamba, maisha yake ni mafupi sana, mara nyingi hata saa moja halimalizi. Linajengeka, linayeyuka, jingine linazaliwa pembeni yake, na wewe uliye chini unadhani ni lile lile. Kwa hiyo wingu moja kusafiri kilomita 1,000 ni habari ngumu. Kalidasa hakuwa na setilaiti, ila aliona kwamba wingu huisha na hujazwa, akaliwekea vituo vya kujaza. Kama basi la mikoani na mafuta yake.

Halafu kuna suala la kwa nini wingu na sio kitu kingine. Kwa nini sio mwezi? Mwezi ndo kipenzi cha wapenzi wote duniani, na wote wawili wangeuona kwa wakati mmoja. Jibu liko kwenye maisha ya watu wa India wa zamani hizo. Mvua kubwa za kiangazi zikianza, njia zinakuwa matope, mito inafurika, biashara inasimama. Wasafiri, wafanyabiashara, askari, wote walitakiwa wawe wamerudi nyumbani kabla ya hapo. Hata watawa wa Kibudha waliokuwa wakizunguka mwaka mzima walikaa sehemu moja msimu huo. Wingu la kwanza la Ashadha kwa hiyo lilikuwa na maana moja kwa mwanamke aliyeachwa nyumbani: mume yuko njiani. Ndani ya shairi kuna wanawake wanaosogeza nywele usoni ili walione vizuri wingu likipita, na mioyo yao inatulia, wanasema sasa anakuja.

Sasa fikiria wewe ndo huji. Wanaume wote wa mtaa wanarudi, milango inafunguliwa, na mkeo amekaa anatazama lile lile wingu ambalo kwa wenzake ni habari njema. Hapo yaksha anaona hatari. Anaogopa kwamba wingu likifika Alaka kabla ya neno lake, litamuua mwenzake kwa huzuni. Lazima walitume lenyewe hilo wingu. Kitu kile kile kitakachomwambia hajaja ndicho kimwambie yuko hai.

Huo upepo unaoleta mvua za India unapita kwetu kwanza. Ndiyo, kwetu. Ni kusi. Kuanzia mwezi wa 4 mpaka karibu wa 10 unavuma kutoka kusini kupandisha pwani ya Tanzania na Kenya. Ukikaribia Somalia unaongeza kasi sana, unakata kona kulia, unavuka Bahari ya Hindi na kuifikia India ukiwa umejaa unyevu. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa aliyeitwa Findlater alichapisha maelezo ya mkondo huo wa upepo kasi unaopita upande wa Kenya na Somalia, na mpaka leo wataalamu wanauita kwa jina lake. Kwa hiyo ukiwa kwenye pantoni ya Kigamboni mwezi wa 6, upepo unakupiga shati na vijiwingu vinakimbia kuelekea kaskazini, jua kwamba hiyo ni sehemu ya mashine ile ile. Sio wingu lile lile, tumeshakubaliana wingu halidumu. Lakini safari ni moja.

Na sisi pwani tulikuwa na kusubiri kwetu. Majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni na India, yakaondoka na kusi. Baharia akikosa upepo wa kuondokea, ndo hivyo, anakaa miezi mpaka upepo ugeuke. Hili neno letu msimu, tulilopata kutoka Kiarabu, ndilo hilo hilo lililoingia kwenye lugha za Ulaya kupitia Wareno na kuwa jina la pepo hizi, za monsuni. Neno la nani arudi lini, linazunguka bahari nzima.

Kuna kitabu cha mwongozo wa wafanyabiashara wa baharini kilichoandikwa kwa Kigiriki karne ya 1, kinaitwa Periplus ya Bahari ya Eritrea. Ndani yake pwani yetu ipo, na bandari yake ya Rhapta. Ndani yake pia upo mji wa Ozene, ambao ni Ujjain ya leo, kule India. Nautaja kwa sababu Ujjain ndo mji ambao Kalidasa anaupenda mpaka anapoteza dira.

Wingu linaelekea kaskazini. Ujjain iko magharibi. Yaksha anakiri kabisa kwamba njia inapinda, halafu anasisitiza lazima wingu lipite huko. Ni kama mtu anakuelekeza njia ya Dar kwenda Arusha halafu anakulazimisha ukalale Tanga kwanza, kwa sababu tu ya anavyoipenda Tanga. Kisa nini? Majumba yake, upepo wa asubuhi kutoka mtoni, jioni kwenye hekalu la Mahakala ambapo wingu linaombwa lingurume kwa sauti nzito badala ya ngoma. Na wanawake. Anasema usipoyaona macho ya wanawake wa mji ule yanavyoshtuka radi ikipiga, basi umeishi bure.

Wasomi wanapenda kusema hapo ndo tunajua Kalidasa aliishi Ujjain au aliupenda kupita kiasi. Sawa. Mimi napenda kilichotokea beti chache kabla ya hapo. Wingu linapita juu ya mashamba, na wake wa wakulima wanalitazama. Hawajui mambo ya kurembua nyusi, anasema, wanatazama kwa macho yaliyolowa upendo, kwa sababu mavuno yao yote yanategemea hilo wingu. Watu wawili wanatazama anga lile lile. Mmoja anapendezwa na radi, mwingine anahesabu magunia. Mshairi aliwaona wote wawili, na ukiniuliza mimi, mtazamo wa yule wa shambani kauandika kwa heshima zaidi.

Kuhusu Kalidasa mwenyewe historia imebakiza kidogo sana: jina, linalomaanisha mtumishi wa Kali, na kazi zake, zikiwemo tamthilia 3 na tenzi ndefu. Pengo hilo watu wamelijaza na stori za vijiweni, na moja ni tamu. Inasema hapo mwanzo alikuwa zuzu wa kutupwa. Kulikuwa na binti mfalme msomi aliyewaaibisha wanazuoni wote waliotaka kumuoa. Wakakasirika, wakatafuta mjinga kuliko wote ili wamuozeshe kwa hila, wakamkuta Kalidasa juu ya mti anakata tawi alilolikalia. Ndoa ikafungwa, bibi harusi akagundua, akamtimua. Jamaa akaenda kumlilia mungu wa kike Kali, akapewa ulimi. Ni hadithi tu, hakuna mwanahistoria atakayeisaini. Ila angalia watu walivyochagua kumkumbuka mshairi wa kuachwa: kama mume aliyefukuzwa na mkewe.

Tungo lenyewe limejengwa kwa bahari inayoitwa mandakranta, maana yake mwendo wa polepole. Kila ubeti una mistari 4, kila mstari silabi 17, moja zaidi ya mizani 16 ya shairi letu la kawaida. Kila mstari unaanza na silabi 4 nzito, ndefu, zinaburuta. Halafu ghafla zinakuja 5 fupi zinakimbia. Kisha unatulia tena. Ukilisikia likisomwa kwa sauti, hata kama hujui neno moja la Kisanskriti, unasikia kitu kizito kinasogea, upepo unakisukuma, kinasimama. Katunga beti zaidi ya 110 kwa mwendo huo huo bila kuubadilisha. Wanaosema shairi la arudhi ni jela, hii hapa.

Nusu ya pili ya shairi ni Alaka kwenyewe. Yaksha analielekeza wingu hadi mlangoni: upinde wa geti kama upinde wa mvua, mti mdogo wa maua ambao mkewe ameulea kama mtoto, kisima chenye ngazi. Anaitaja nyumba yake kama mtu aliyeipita kichwani kila usiku. Halafu anamchora mkewe alivyo sasa hivi, na hapa kumbuka hajamuona kwa miezi, anabuni tu. Amekonda. Ameweka kinanda chake cha nyuzi mapajani, anataka kuimba wimbo aliotunga mwenyewe wenye jina la mumewe, machozi yanalowesha nyuzi, anazifuta, halafu anasahau tuni, na tuni ni yake mwenyewe. Sakafuni amepanga maua karibu na kizingiti, moja moja, anahesabu miezi iliyobaki.

Yaksha anaomba: ukimkuta amelala, usingurume. Subiri. Huenda ananiota.

Meseji yenyewe, baada ya safari yote hiyo, ni fupi kuliko unavyotegemea. Niko hai. Nakuona kwenye kila kitu, kwenye mitambaazi, kwenye macho ya paa, ila hakuna kimoja kinachokufanana chote. Vumilia, imebaki miezi 4. Fumba macho zipite.

Lakini mke atajuaje kwamba ujumbe ni wa kweli? Wingu lolote linaweza kuja na kudai limetumwa. Hapa Kalidasa alifanya kitu ambacho benki zetu zimekuja kukifanya juzi juzi: namba ya siri. Yaksha analipa wingu kumbukumbu moja ambayo wanaijua wawili tu. Usiku mmoja walikuwa wamelala, mke amemkumbatia shingoni, mara akaamka analia kwa sauti. Mume akauliza kuna nini, akauliza tena, mwishowe mke akacheka kidogo kwa ndani akasema: nimekuota uko na mwanamke mwingine, tapeli wewe.

Umeona hapo? Angeweza kutumia kumbukumbu yoyote tamu ya mapenzi. Alichagua siku mkewe alipomwonea wivu usingizini. Kwa mtu aliyetengwa mwaka mzima na mkewe, hiyo ndo kumbukumbu yenye uzito, maana ndani yake kuna jibu la swali ambalo mke hajaliuliza: huko uliko, uko na nani?

Baada ya Kalidasa, India nzima ikawa inatuma meseji kwa vitu. Karne ya 12 mshairi Dhoyi wa Bengal akatuma upepo. Wengine wakatuma batamaji, kasuku, nyuki. Sri Lanka nako washairi wa Kisinhala wakalifanya jambo lao, ndege wakabeba salamu kutoka mji hadi mji. Ikawa aina kamili ya utungo yenye jina lake, ushairi wa mjumbe. Nyingi ni nzuri, ila mimi naona nyingi zimekosa ule ubeti wa 5. Wanatuma kasuku kama vile kasuku kweli atafika.

Mwaka 1813 Mwingereza Horace Hayman Wilson, daktari wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala huko, alichapisha tafsiri ya kwanza ya Kiingereza mjini Calcutta. Kitabu kikasafiri mpaka Ulaya na kufika mikononi mwa Goethe, mshairi mkubwa wa Kijerumani. Na kilimkuta kwenye wakati wake, kwa sababu mzee huyo, aliyezaliwa 1749, alikuwa ameshikwa na wazimu wa mawingu.

Aliyempa wazimu huo alikuwa mtengeneza dawa wa London, Luke Howard. Desemba 1802 Howard alisimama mbele ya kikundi kidogo cha marafiki wapenda sayansi akapendekeza mawingu yapewe majina ya Kilatini kulingana na maumbo: yale ya nyuzinyuzi kama nywele akayaita cirrus, ya malundo cumulus, ya tabaka stratus, na la mvua nimbus. Majina hayo ndo msingi wa yanayotumika mpaka leo kwenye kila kituo cha hali ya hewa, wa kwetu wakiwemo. Goethe alisoma habari zake mwaka 1815, akaanza kutazama anga na kuandika alichoona, na mwanzoni mwa miaka ya 1820 akamtungia Howard shairi la heshima. Alipoandikiwa barua akiombwa maelezo ya maisha yake, mwaka 1822, Howard alidhani kuna mtu anamfanyia mzaha. Mtengeneza dawa, na Goethe anataka kujua umezaliwa lini!

Shairi hilo la Goethe linafunguliwa na Kamarupa. Neno hilo ni la Kisanskriti, maana yake anayejigeuza umbo apendavyo, na ndivyo yaksha anavyoliita wingu lake kule kilimani. Yaani shairi la kumsifu mtu wa sayansi wa London linaanzia kwa jamaa wa Ramagiri mwenye bangili iliyochomoka. (Kwetu napo lugha imeficha kitu: kwa Kiswahili cha zamani anga liliitwa uwingu, na wingi wake ndo mbingu. Wingu na mbingu ni ndugu wa damu.)

Wapo waliokataa. Goethe alimwomba mchoraji Caspar David Friedrich amchoree mawingu kwa kufuata mpangilio wa Howard. Friedrich akagoma. Aliona ukishaliingiza wingu kwenye kabati la majina umeliua, na mchoro wa mandhari umekufa nalo. Ni hoja nzito, na hata leo utaisikia kwa wasanii: usinieleze sana, utaniharibia hisia. Friedrich alikuwa bingwa, simbishii kwenye rangi. Ila kwenye hili namweka pembeni, kwa sababu karne nyingi kabla yake mtu alishaandika kwamba wingu ni moshi, mwanga, maji na upepo, na hakuna kilichokufa.

Turudi kwa yaksha, amemaliza kuongea. Wingu bado liko kimya. Amelitazama, na analiambia: ukimya wako siuchukulii kama umekataa. Hata ndege chataka, anayesemwa kwamba hanywi maji mengine isipokuwa ya mvua, akikulilia unampa maji bila kusema neno.

Shairi linakaribia kuisha hapo, na watu hawakuweza kuvumilia. Katika karne zilizofuata, wakati shairi likinakiliwa kwa mkono, kwenye baadhi ya nakala kuna beti za ziada mwishoni: Kubera anasikia habari, anamhurumia, anafuta laana, wenzi wanarudiana. Wahariri wa baadaye wameziondoa, wakasema sio za Kalidasa. Mimi hao waliozichomeka nawaelewa kabisa. Na wewe ungefanya hivyo hivyo, ungeenda kwenye komenti ukaandika mwisho wako.

Ule wa Kalidasa unaishia kilimani. Wingu halijaondoka, hatujui kama litaondoka. Yaksha analiaga, analitakia liende popote linapopenda likiwa limenenepa kwa mvua. Halafu analiombea dua moja ya mwisho, kuhusu radi, ambaye kwenye shairi lote ndiye mke wa wingu: usitenganishwe naye hivi, hata kwa dakika moja.